Ishara ya kudhibiti au ishara ya sauti: waya gani kwa kazi gani kwenye sintesaiza ya moduli

Kijana mmoja ninayetengeneza naye midundo kwa sintesaiza ya moduli, yaani ala ya sauti inayojengwa kwa kuunganisha vipande (moduli) kwa waya, alinipigia simu usiku. "Kaka, kiki yangu inakwaruza. Nimebadilisha osileta, nimebadilisha filta, bado inakwaruza tu." Kiki ni lile pigo zito la ngoma ya chini; osileta ni moduli inayozalisha wimbi la sauti, na filta ni inayolichuja. Nikamwambia anitumie faili. Nilipolikuza wimbi hadi likajaa kioo kizima, jibu likawa wazi. Toni ya kiki ilitakiwa iporomoke kutoka Hezi 400 hadi 50 ndani ya milisekunde 30. Haikuporomoka. Ilishuka ngazi kwa ngazi kama mtu anayeteremka ghorofa, na ngazi zenyewe zilihesabika kwa kidole: 12. Osileta yake ilikuwa nzima na filta yake nzima. Tatizo lilikuwa kwenye waya: mteremko ule aliupitisha kwa ishara ya kudhibiti, na programu alikuwa ameiweka ihesabu ishara hizo mara 400 kwa sekunde. Oktava 3 zimegawanywa ngazi 12, kila ngazi inaruka nusu-toni 3. Sikio lolote litaisikia.

Nilipomweleza, akaniuliza: "Sasa si niweke kila kitu kwenye ishara ya sauti, yaishe?" Inawezekana, na zipo programu zilizojengwa hivyo tangu mwanzo. Ila kila njia ina gharama yake, na gharama hiyo huilipi mahali pamoja. Ndiyo maana nimeona tuziweke njia hizi mbili bega kwa bega.

## Tunalinganisha nini

Ndani ya programu-jalizi, yaani programu inayofunguka ndani ya programu yako ya muziki, hakuna umeme. Kinachopita kwenye waya ni namba. Ishara ya sauti hupata namba mpya kwa kila sampuli, yaani kila nukta ya wimbi: mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, kulingana na ulivyoweka mradi wako. Ishara ya kudhibiti hupata namba mpya kwa nadra zaidi. Programu nyingine huibadilisha mara moja kwa kila fungu la sampuli, na fungu la sampuli 64 ni la kawaida sana. Gawa 44,100 kwa 64, unapata takribani mara 689 kwa sekunde. Nyingine huibadilisha pale tu jambo linapotokea: nota imebonyezwa, nobu imezungushwa, sikwensa (moduli inayopiga nota hatua kwa hatua) imesonga hatua.

Kwa hiyo kinachotofautiana ni kasi ya kuhesabu, wala si kile kinachobebwa. LFO, yaani osileta ya polepole inayoyumbisha sauti, inaweza kupita kwenye waya wa sauti bila matata yoyote. Kinyume chake ndicho kigumu.

Mgawanyiko huu ulianza kwenye vyuma kabla ya programu. Kwenye moduli ambazo Robert Moog alianza kuzitengeneza mwaka 1964, volti ilikuwa volti: waya unaobeba sauti ndio huohuo unaobeba amri ya toni, na ukitaka osileta moja iitikise nyingine unachomeka tu. Upande wa California, Don Buchla akazitenga: sauti kwa plagi ndogo za jeki, amri kwa plagi za banana, kila moja na tundu lake. Kompyuta ilipoingia, kilichotenganisha ni uhaba wa nguvu. Csound, programu ya kuunda sauti ya Barry Vercoe iliyotoka chuo cha MIT katikati ya miaka ya 1980, hutaka useme tangu kwenye jina: kinachoanza na herufi a kinahesabiwa kwa kasi ya sauti, kinachoanza na k kwa kasi ya udhibiti. Mashine za wakati ule zisingeweza kuhesabu kila kitu kwa kasi ya sauti.

Leo pande zote mbili zipo hai. VCV Rack, programu ya sintesaiza ya moduli ya Andrew Belt iliyotoka mwaka 2017, ina waya wa aina moja tu, na yote huenda kwa kasi ya sauti. Cardinal, programu-jalizi huria iliyotokana nayo, ni vivyo hivyo. The Grid ndani ya Bitwig Studio nayo hukuruhusu kuchomeka chochote popote. Upande wa pili kuna Pure Data ya Miller Puckette, ambayo sasa unaweza kuiingiza kwenye mradi wako kama programu-jalizi kupitia plugdata: waya mnene ni wa sauti, mwembamba ni wa ujumbe, na moduli ya sauti huvaa alama ya ~ mwishoni mwa jina. Reaktor, ukiifungua ndani, nayo hutenga sauti na matukio, na ukitaka kuingiza sauti kwenye tundu la matukio lazima upitie moduli ya kugeuza.

## Vigezo

Nitauliza maswali manne. Mwendo unaoutaka ni laini kiasi gani, na sikio litagundua ngazi? Prosesa inabeba mzigo gani? Ishara inachelewa kiasi gani, hasa pale inaporudi ilikotoka? Na je, aina hiyo inakurahisishia kufikiri na kuunganisha?

Sitayapa uzito sawa. Swali la kwanza na la tatu hubadilisha muziki wenyewe unavyosikika. Mengine mawili hubadilisha jinsi siku yako ya kazi itakavyokwenda.

## Ulaini wa mwendo

Ishara ya kudhibiti. Kwa mwendo wa mkono wa mtu, inatosha kabisa. Vibrato hutikisika kama mara 5 au 6 kwa sekunde. Ukiihesabu mara 689, kila mtikisiko mmoja unapata nukta zaidi ya 100, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na ngazi. Filta inayofunguka taratibu kwa baa nne, sauti inayohama kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia, mwangwi unaoongezeka kuelekea kiitikio: yote haya yanakaa vizuri hapa. Na nobu ya kawaida ya MIDI, ile lugha ya amri kati ya vifaa vya muziki, hutuma ngazi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ukiipitisha kwenye waya wa sauti huiongezei hata ngazi moja. Kinachoisaidia ni kuilainisha.

Inapokwama ni mwendo mfupi na mwendo wa haraka. Mfupi ni ile kiki. Dalili nyingine ni volyumu: chukua nota moja ndefu na safi kama ya filimbi, ishushe kwa ngazi, utasikia mkwaruzo kama zipu inayofungwa haraka. Jaribu hilohilo kwa hi-hat, hutasikia kitu, kwa sababu kelele yake yenyewe huficha ngazi. Ndiyo maana watu wawili hubishana kuhusu programu moja na wote wakawa wakweli: mmoja anatengeneza ngoma, mwingine nyuzi.

Dawa ni kulainisha, yaani moduli inayochora mstari kati ya namba moja na inayofuata. Kwenye Pure Data kazi hiyo hufanywa na line~. Ni dawa nzuri, ila hutafuna muda. Ukilainisha kwa milisekunde 20, filta haitapata hasara, lakini ule mshindo wa mwanzo wa kiki umekwisha.

Ukizidi kuharakisha unafika ukuta ambao kulainisha hakuuvunji. Mwendo unaohesabiwa mara 689 kwa sekunde hauwezi kubeba mtikisiko unaozidi nusu ya hapo, yaani kama Hezi 344. Omba LFO yako iende Hezi 440 na mahesabu yatakupa 249, kwa sababu 689 ukitoa 440 ndiyo hiyo. Umeomba nota moja, umepewa nyingine, na kioo bado kinaonyesha 440.

Ishara ya sauti. Mteremko uleule wa milisekunde 30 unapata nukta 1,323. Ni laini kama ulivyouchora. Halafu mlango mwingine unafunguka, na hapa ndipo moyo wangu ulipo: mtikisiko ukipita kiwango cha kusikika, unaacha kusikika kama mtikisiko na unakuwa rangi ya sauti. Osileta ya Hezi 440 ikitikiswa na nyingine ya Hezi 100, pembeni yake huzaliwa 340 na 540, kisha 240 na 640, na kuendelea kadiri unavyoongeza nguvu. John Chowning wa Stanford alilielezea hili kwa maandishi mwaka 1973, na miaka 10 baadaye likauzwa dunia nzima ndani ya Yamaha DX7. Kengele, gitaa la besi la umeme, piano ile ya kioo ya miaka ya 1980, zote zilitoka humo. Kwa ishara ya kudhibiti hakuna njia ya kufika huko.

Hasara yake: ukizidisha nguvu, masafa yanayozidi nusu ya kasi ya sampuli hugonga dari na kurudi chini yakiwa sauti ngeni zisizoafikiana na nota yako. Programu nzuri hupambana nalo kwa kuhesabu ndani mara mbili au mara nne ya kasi ya mradi. Mzigo nao unaongezeka mara hizo.

## Mzigo kwa prosesa

Ishara ya kudhibiti. Tuseme una sauti 16 zinazopigwa pamoja, kila moja na ishara 3 za kuiongoza. Ni ishara 48. Kwa mara 689, ni namba kama 33,000 kwa sekunde. Na ishara za matukio haziombi hata hizo: kama hakuna kinachobadilika, hakuna kinachohesabiwa.

Ishara ya sauti. Ishara zilezile 48 kwa 44,100 ni namba 2,116,800 kwa sekunde, hata nobu zikiwa zimetulia kimya. Tena kuna gharama iliyojificha: filta inayoongozwa kwa kasi ya sauti inabidi ipange upya hesabu zake za ndani kwa kila sampuli, na mara nyingi hapo ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko kwenye waya wenyewe.

Hata hivyo usitarajie laptopu yako ipate wepesi wa mara 64. Osileta na filta zinaendelea kwenda kwa kasi ya sauti hata ukiziongoza polepole, na prosesa za sasa hubeba namba kadhaa kwa mkupuo mmoja. VCV Rack hutegemea hilo kwenye nyaya zake za sauti nyingi, ambapo waya mmoja hubeba hadi njia 16. Kwenye kompyuta nzuri iliyochomekwa ukutani, tofauti inaweza isikuguse. Umeme ukikatika na umebaki na betri, utaiona kwenye feni kabla hujaiona kwenye kioo.

## Kuchelewa, na ishara inayorudi ilikotoka

Kipengele hiki huwa hakipewi nafasi, na ndicho kilichowahi kunipotezea wikendi nzima.

Ishara ya kudhibiti. Tukio likitokea katikati ya fungu la sampuli 64, mara nyingi linasubiri mpaka wa fungu. Hapo unachelewa hadi milisekunde 1.45. Kwa singeli ya mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62.5, kwa hiyo mchezaji hatajikwaa. Shida huja ukipanga ngoma mbili juu ya nyingine, moja ikifyatuliwa kwa udhibiti na nyingine kwa sauti. Leo zinakutana, kesho zimepishana kidogo, na kiki inasikika nene pigo hili na nyembamba pigo lile. Pure Data ina vline~, inayoweza kuanza katikati ya fungu, na kwa ngoma siachani nayo.

Ishara ya sauti. Kwenye VCV Rack kila waya huchelewesha sampuli moja. Moduli 10 kwa mstari ni sampuli 10, kama milisekunde 0.2, na hakuna sikio linalolipata hilo. Ila mantiki inaweza kulipata: pigo la saa na amri ya kurudi mwanzo zikipita njia zenye urefu tofauti, sikwensa inaweza kuruka hatua ya kwanza. Ndiyo sababu mwongozo wa VCV huwashauri watengenezaji wa moduli wapuuze pigo la saa kwa hadi milisekunde 1 baada ya amri ya kurudi mwanzo.

Tofauti kubwa zaidi ni kwenye mzunguko. Mfano mzuri ni uzi wa Karplus na Strong, mbinu ya mwaka 1983: unafyatua kelele fupi, unaizungusha kwenye ucheleweshaji huku ukiichuja kidogo kila inapopita, na inakuwa uzi uliodonolewa. Toni yake inatokana na urefu wa mzunguko. Niliujenga kwenye Pure Data nikitaka kupata kitu chenye ladha ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Nota za chini zilitoka tamu. Nilipopanda, uzi uligoma. E ya juu, Hezi 659, ilitoka sawa. F iliyo juu yake, Hezi 698, ikakataa, na kila nota baada ya hapo ikabaki imekwama palepale. Nilitafuta kosa kwenye filta siku mbili. Halikuwa kwenye filta. Ishara inayorudi ilikotoka husubiri fungu zima la sampuli 64, na mzunguko usioweza kupungua chini ya sampuli 64 hauwezi kupiga zaidi ya Hezi 689. Nikaweka sehemu ile ihesabiwe sampuli moja moja kwa block~, nota zikapanda hadi nilipotaka, na feni nayo ikapanda.

Kwenye programu ambayo kila waya ni wa sampuli moja, tatizo hili usingeliona kabisa.

## Kufikiri na kuunganisha

Ishara ya kudhibiti hujua kuuliza maswali. Kama nota imezidi 60, peleka huku. Kama ni chini, chagua moja kati ya hizi tano kwa bahati nasibu. Kumbuka akodi ya mwisho. Subiri baa mbili. Muziki unaotungwa na kanuni zako mwenyewe huwa mwepesi kuuandika na kuusoma tena baada ya mwezi. Pia waya mwembamba ukiuona unajua mara moja kwamba hautoi sauti.

Ishara ya sauti hukupa uhuru wa Moog. Sikwensa ukiikimbiza sana inageuka osileta. LFO ukiiharakisha inakuwa besi. Vitu hivi havigunduliwi kwa kupanga, hugunduliwa kwa kuchomeka. Unachotakiwa kuangalia ni viwango: kwa desturi ya VCV sauti huchezea kati ya volti -5 na +5, udhibiti mwingi ni 0 hadi 10, na toni ni volti 1 kwa oktava, ambapo 0 ni C ya kati, Hezi 261.6. Ukichomeka sauti moja kwa moja kwenye tundu la toni, unaitupa nota oktava 5 juu na 5 chini. Weka kipunguzi katikati. Tena ishara ya polepole, hasa ile iliyosimama kwenye volti moja, usiielekeze kwenye spika: husikii kitu, lakini spika inasukumwa. Na ukitaka kuongoza mashine ya nje kwa njia hiyo, kadi ya sauti lazima iwe inayopitisha volti iliyosimama. Kadi nyingi huizuia.

## Kwa hali yako

Kama kompyuta yako ni dhaifu na unataka akodi nene zinazosogea taratibu, anza na udhibiti, kisha lainisha volyumu na filta. Hutapoteza chochote kinachosikika.

Kama unatengeneza ngoma, waangalie wawili tu: mteremko wa toni na mwinuko wa kwanza wa volyumu. Hao wape kasi ya sauti. Vingine vyote vya ngoma vinavumilia.

Unayetafuta kengele, vyuma, au sauti zinazochanika ukizisukuma, uko kwenye ishara ya sauti na hakuna njia ya mkato. Mwenye kujenga nyuzi na mabomba kwa mizunguko vilevile. Uliza kwanza programu husika inarudisha ishara baada ya sampuli ngapi, kabla hujaandika nota hata moja.

Unayetunga kwa kanuni, au unayefanya kazi jukwaani na kidhibiti cha MIDI mkononi, utastarehe zaidi na ujumbe wa udhibiti. Anayeanza kabisa na anataka kuelewa moduli kwa kucheza, mimi humpeleka kwenye programu yenye waya wa aina moja, kwa sababu haimzuii kukosea. Mwalimu mwingine atampeleka kwenye yenye aina mbili ili ajue tangu siku ya kwanza nini kinabeba nini, na nimeona wanafunzi wa njia zote mbili wakiiva.

Na kama programu yako ina zote mbili, jaribu hivi: jenga kila kitu kwa udhibiti, vaa hedifoni, kisha geuza waya mmoja mmoja kwenda kasi ya sauti huku umefumba macho. Usiposikia tofauti, rudisha. Yule kijana alianza na nyaya 9. Waya wa mteremko wa toni ulibaki kwenye sauti, na wa volyumu pia. 7 akazirudisha zilikotoka. Asubuhi akanitumia kiki mpya. Nililikuza wimbi tena, na safari hii halikuwa na ngazi.